Yai Linapokwama: Somo kwa Wafugaji wa Kuku wa Migori na Homa Bay

Kuku akiingia kwenye kiota asubuhi, akatoka, akarudi, akatoka tena mpaka adhuhuri bila yai kuonekana, mfugaji asimpuuze. Huenda yai limekwama tumboni. Kuku wa namna hii anaweza kufa katika muda wa siku moja au mbili. Mara nyingi anayekufa ni yule anayetegemewa zaidi bandani, kwa kuwa tatizo hili humpata sana kuku anayetaga kwa wingi.

Katika boma nyingi, kuanzia Kehancha na Isebania hadi Oyugis, Mbita na visiwa vya Rusinga na Mfangano, mayai ndiyo hununua daftari za watoto, sabuni na mchango wa kila wiki wa chama. Kuku mmoja akifa, pengo lake huonekana. Somo hili linaeleza jinsi yai linavyotengenezwa, sababu za kukwama, dalili, huduma ya kwanza nyumbani, wakati wa kumwita daktari wa mifugo, na namna ya kuzuia tatizo lisirudi.

Safari ya yai

Kuku ana kifuko cha mayai na mrija wa kutagia upande wa kushoto wa mwili wake. Kiini kikikomaa hudondoka na kuingia kwenye mrija huo, kisha husafiri kwa zaidi ya siku nzima, yaani saa 24 hadi 26, kabla ya kutoka kikiwa yai kamili.

Sehemu ya kwanza ya mrija hukipokea kiini kwa robo saa hivi. Sehemu ya pili hukizungushia ute mweupe kwa muda wa saa 3. Sehemu ya tatu huvika utando mwembamba ule unaoonekana mtu anapomenya yai la kuchemsha. Sehemu ya nne ndiyo hutengeneza ganda, na hapo yai hukaa muda mrefu kuliko kwingine kote, karibu saa 20. Kazi hiyo ya ganda hufanyika zaidi usiku, kuku akiwa amelala.

Ganda likiwa tayari, misuli ya mrija hujikaza na kulisukuma yai nje. Misuli hiyo haiwezi kujikaza bila madini ya kalsiamu katika damu. Ganda lenyewe pia limejengwa kwa kalsiamu. Kwa hiyo madini yaleyale ndiyo hujenga yai na ndiyo hulitoa. Yakipungua, kuku hupata hasara mara mbili: ganda huwa laini au lenye mikwaruzo, na misuli hukosa nguvu ya kulisukuma.

Hesabu ambayo kila mfugaji anapaswa kuifanya

Ganda la yai moja la kawaida lina takriban gramu 2 za kalsiamu. Kuku akitaga mayai 20 kwa mwezi, ametoa gramu 40 za kalsiamu mwilini mwake. Zinatoka wapi?

Tuseme kuku mkubwa anakula gramu 120 za chakula kwa siku. Chakula maalumu cha kuku wa mayai huwa na kalsiamu ya asilimia 3.5 hadi 4. Kwa gramu 120, kuku anapata gramu 4 na zaidi kidogo. Karibu nusu yake ndiyo huingia mwilini, nyingine hupita na kinyesi. Nusu hiyo inatosha ganda moja.

Sasa chukua kuku yuleyule, umpe gramu 120 za mahindi matupu. Mahindi yana kalsiamu ndogo mno, hata sehemu moja ya kumi ya gramu haipatikani katika mlo huo. Chakula cha kuku wanaokua nacho hutoa gramu moja hivi, na nusu yake hupotea. Hata hivyo, kuku huyo ataendelea kutaga kwa muda. Anaiazima kalsiamu kutoka kwenye mifupa yake mwenyewe. Deni hilo likizidi, miguu hulegea, maganda huwa membamba, na siku moja misuli hushindwa kulisukuma yai.

Hapa ndipo wafugaji wengi wananaswa bila kujua. Kuku wa kienyeji wa asili hutaga mayai kumi hadi kumi na tano, kisha huatamia siku 21 na kulea vifaranga. Wakati huo wote hatagi, na mwili wake hujijenga upya. Akitembea bomani hujitafutia wadudu, majani na vijiwe. Kuku wa kienyeji walioboreshwa, kama wale wa taasisi ya utafiti ya KALRO kule Naivasha, wanaweza kupita mayai 150 kwa mwaka wakitunzwa vizuri, na wengi wao hawana hamu ya kuatamia. Hawapumziki. Mfugaji anayemleta kuku wa aina hii nyumbani, akamfungia bandani na kumlisha mahindi na mabaki ya ugali kama alivyomlisha yule wa zamani, amebadilisha kuku bila kubadilisha chakula.

Sababu nyingine za yai kukwama

Ukosefu wa kalsiamu ndio sababu kubwa, lakini si wa pekee. Nyingine ni hizi:

- Kuanza kutaga mapema mno. Mtetea ambaye mwili haujakomaa ana nyonga nyembamba. Yai la kwanza linaweza kumshinda. Hali hii huletwa na kuwasha taa usiku kucha kwa kuku wachanga ili wawahi kutaga. Migori na Homa Bay ziko karibu na Ikweta, na mchana huwa wa saa 12 hivi mwaka mzima. Kuku wachanga hawahitaji kuongezewa mwanga.
- Yai kubwa kupita kiasi. Mayai ya viini viwili hutokea, hasa kwa kuku waliotoka kuanza kutaga.
- Unene. Mafuta mengi tumboni huibana njia ya yai. Kuku aliyefungiwa na kulishwa mahindi siku zote hunenepa bila kuwa na afya.
- Kukosa kiota tulivu. Kuku anayefukuzwa na wenzake au kusumbuliwa na mbwa na watoto huzuia yai lisitoke.
- Joto na kiu. Banda la mabati lenye paa la chini karibu na ziwa huwa kama tanuri saa nane mchana. Kuku asiye na maji ya kutosha hudhoofika haraka.
- Ukosefu wa jua. Mwili wa kuku huhitaji vitamini D ili uweze kuitumia kalsiamu. Jua husaidia kuitengeneza. Kuku anayefungiwa gizani hata akipewa kalsiamu hawezi kuitumia ipasavyo.
- Magonjwa, minyoo na uzee. Uambukizo kwenye mrija wa kutagia huufanya uvimbe. Minyoo hunyonya lishe. Kuku mzee misuli yake imechoka.

Dalili za kutazama

Mfugaji anayewajua kuku wake huona mabadiliko mapema. Kuku aliyekwama yai huonyesha dalili kadhaa kati ya hizi:

1. Huingia na kutoka kwenye kiota mara kwa mara bila kutaga.
2. Husimama wima isivyo kawaida, mkia umeshuka na miguu imeachana.
3. Hujikamua, sehemu ya nyuma huonekana ikisukuma na kuachia.
4. Manyoya hutimka, macho hufumba, undu wa kichwani hupauka.
5. Hapati kinyesi, au hutoa majimaji tu, kwa sababu yai limeziba njia.
6. Huacha kula na hupumua kwa mdomo wazi.
7. Huchechemea au hushindwa kusimama, kwa kuwa yai hugandamiza mishipa ya fahamu inayokwenda miguuni.

Ili kuhakikisha, mshike kuku kwa upole, mkono mmoja chini ya kifua. Kwa vidole vya mkono wa pili, gusa tumbo kati ya tundu la nyuma na mwisho wa mfupa wa kidari. Yai lenye ganda gumu huhisiwa kama jiwe la mviringo. Usibonyeze. Yai lenye ganda laini huenda lisihisiwe, kwa hiyo kutolihisi si uthibitisho kwamba halipo.

Usichanganye hali hii na nyingine mbili. Kuku anayeatamia hukaa kiotani bila kutoka, lakini ni mkali, huvimbisha manyoya akiguswa, na macho yake ni maangavu. Hana shida yoyote. Kwa upande mwingine, kuku kadhaa wakizubaa kwa pamoja, wakahara kinyesi cha kijani, wakakohoa au kupinda shingo, hilo si yai lililokwama. Huenda ni ugonjwa wa Newcastle, yaani kideri, na afisa wa mifugo apewe habari siku hiyohiyo. Yai hukwama kwa kuku mmoja mmoja. Ugonjwa wa kuambukiza hupita bandani.

Huduma ya kwanza nyumbani

Kuku akiwa bado ana nguvu za kusimama, fuata hatua hizi bila haraka.

Hatua ya kwanza: mtenge. Mweke kwenye kikapu au boksi lenye nyasi kavu, mahali patulivu penye giza kidogo na vuguvugu, pasipo jua kali. Mpe maji safi. Kuku wenzake wakiona sehemu ya nyuma imevimba au ina damu, humdonoa, na wanaweza kumuua.

Hatua ya pili: mpe kalsiamu. Maduka ya dawa za mifugo huuza kalsiamu ya maji ya kuchanganya kwenye maji ya kunywa. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Kama haipo, saga maganda ya mayai yaliyokaushwa yawe unga, uchanganye na chakula laini kidogo. Kuku aliyelegea asilazimishwe kumeza. Weka matone pembeni mwa mdomo, ayalambe mwenyewe. Ukimiminia kooni, maji yanaweza kuingia kwenye mapafu.

Hatua ya tatu: maji ya vuguvugu. Jaza beseni maji ya vuguvugu yanayofika tumboni mwa kuku. Yapime kwa kiwiko cha mkono kama unavyopima maji ya kumwogesha mtoto mchanga. Kwa mwenye kipimajoto, nyuzi 38 hadi 40 zinatosha. Mwili wa kuku wenyewe una joto la nyuzi 41 hivi, kwa hiyo maji hayo hayatamchoma. Mshikilie humo kwa dakika 15 hadi 20, ukimfunika macho kwa kitambaa chepesi akihangaika. Maji hulegeza misuli iliyokaza. Kisha mkaushe vizuri kwa taulo au kanga kuukuu. Kuku aliyelowa akipigwa na upepo wa ziwa jioni hupata baridi.

Hatua ya nne: mpake mafuta. Nawa mikono, vaa glavu. Paka mafuta mazito ya kujipaka yasiyo na manukato, au mafuta safi ya kupikia, kuzunguka tundu la nyuma, na kidogo sana ndani ya ukingo wake. Lengo ni kulainisha njia, si kuingiza kidole kulitafuta yai.

Hatua ya tano: mwache. Mrudishe kwenye boksi, funika, ondoka. Kuku wengi hutaga wakiachwa peke yao baada ya maji ya vuguvugu. Mwangalie baada ya saa moja. Kama hajataga lakini bado ana nguvu, unaweza kurudia maji ya vuguvugu baada ya saa chache.

Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni, na osha beseni kwa dawa. Kuku anaweza kubeba vijidudu vinavyoharisha watu, na beseni hilo lisirudi jikoni.

Mambo ambayo hayafai kabisa

Usimkamue kuku tumbo. Yai likipasuka ndani, vipande vya ganda hukata mrija kama wembe, na ute na kiini huwa chakula cha vijidudu. Kuku huyo anaweza kufa kwa uambukizo wa tumbo hata kama kila kipande kitatolewa baadaye.

Usiingize kijiko, kijiti wala waya kulivuta yai.

Usimpe dawa ya kuua vijidudu ukidhani italisukuma yai. Dawa hizo hazina nguvu juu ya misuli. Zaidi ya hayo, mabaki yake huingia kwenye mayai yanayoliwa na familia na wateja.

Usitafute sindano ya kuharakisha uzazi na kumchoma kuku mwenyewe. Kama njia imeziba, sindano hiyo huufanya mrija kusukuma kwa nguvu dhidi ya kizuizi, na mrija unaweza kupasuka.

Wakati wa kumwita daktari

Piga simu kwa afisa wa mifugo wa wadi mara moja iwapo kuku hawezi kusimama, damu inatoka, kitu chekundu kimejitokeza nje, au yai limepasukia ndani. Kwa kuku ambaye bado ana nguvu, usingoje kupita saa 24 tangu dalili zilipoonekana.

Mtaalamu anaweza kumchoma kuku sindano ya kalsiamu, kisha dawa ya kuisaidia misuli iwapo njia iko wazi. Yai likiwa linaonekana lakini haliwezi kupita, anaweza kulitoboa kwa sindano, kuvuta ute na kiini, kisha kulitoa ganda taratibu. Kazi hiyo huhitaji ujuzi na vifaa safi.

Tangu Katiba ya 2010, huduma za mifugo na udhibiti wa magonjwa ya wanyama ni jukumu la serikali za kaunti. Usajili wa madaktari na wataalamu wasaidizi wa mifugo umebaki kwa Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Mfugaji ana haki ya kumuuliza anayekuja kutibu kama amesajiliwa. Mtu anayebeba dawa kwenye mkoba wa bodaboda si lazima awe mtaalamu.

Wapo watakaouliza: je, kwa kuku mmoja, gharama ya daktari inafaa? Swali hilo ni la haki. Ikiwa kuku ni mzee au tatizo limemrudia mara nyingi, uamuzi wa busara huenda ukawa ni kumchinja mapema badala ya kumwacha ateseke. Nyama ya kuku aliyechinjwa akiwa bado mzima, ambaye hajapewa dawa na hana dalili za ugonjwa mwingine, inaweza kuliwa ikipikwa vizuri. Aliyepewa dawa asichinjwe kwa kuliwa kabla ya siku zilizoandikwa kwenye dawa kwisha. Aliyekufa mwenyewe azikwe au achomwe, asipewe mbwa.

Hata hivyo, simu kwa afisa si ya kuku mmoja tu. Mayai yakikwama kwa kuku wawili au watatu katika mwezi mmoja, kuna kosa katika chakula au banda, na kuku wote wako hatarini.

Baada ya yai kutoka

Mpe kuku siku mbili au tatu za mapumziko mahali palepale. Mwili umechoka na sehemu ya nyuma imevimba. Endelea na maji safi, kalsiamu na chakula chepesi. Punguza mwanga, giza la mapema humfanya mwili usikimbilie kutengeneza yai lingine.

Wakati mwingine sehemu ya ndani ya mrija hutoka nje ikionekana kama nyama nyekundu yenye unyevu. Ioshe kwa maji safi yaliyochemshwa na kupozwa yenye chumvi kidogo, ipake mafuta safi ya kujipaka isikauke, na umwite mtaalamu. Kuku huyo asirudi kwa wenzake mpaka apone kabisa.

Kuzuia: chakula kwanza

Badilisha chakula kwa wakati wake. Vifaranga na kuku wanaokua wasipewe chakula cha kuku wa mayai, kwa sababu kalsiamu nyingi huharibu figo zao. Mitetea ianze kupewa chakula cha kutagia wiki moja au mbili kabla ya yai la kwanza kutarajiwa, au mara tu yai la kwanza linapoonekana. Dalili za kukaribia ni undu kuwa mwekundu na kuku kuanza kuchagua kona za kutagia.

Kwa asiyemudu chakula cha dukani kila siku, yafuatayo husaidia sana:

*Maganda ya mayai.* Yakusanye kutoka nyumbani na kwenye vibanda vya chakula. Yaoshe, yaanike, kisha yakaange kwenye kikaango kikavu mpaka yawe mepesi kuvunjika. Joto huua vijidudu. Yaponde yawe vipande vidogo kama chenga za mchele. Yakiachwa yakiwa na umbo la yai, kuku hujifunza kula mayai yake.

*Makombe ya konokono na kome.* Wakazi wa ufuoni, kutoka Muhuru Bay na Sori hadi Mbita na Kendu Bay, wanaweza kuyaokota bila malipo. Yaoshwe mchanga, yakaangwe, yapondwe. Vipande vyenye ukubwa wa chenga ni bora kuliko unga, kwa sababu hukaa kwenye firigisi na kutoa kalsiamu polepole usiku, wakati ganda linapotengenezwa. Kwa sababu hiyohiyo, wakati mzuri wa kuyaweka ni alasiri.

*Chokaa ya mifugo.* Inapatikana katika maduka ya dawa za mifugo. Isichanganywe na chokaa ya kupaka kuta, ambayo huchoma mdomo na utumbo.

Weka vitu hivi kwenye mkebe wa peke yake, si ndani ya chakula. Kuku anayetaga hula kadiri ya mahitaji yake, na jogoo atapita tu.

*Omena.* Samaki huyu huliwa na mifupa yake yote, kwa hiyo huongeza protini na kalsiamu kwa pamoja. Peke yake hatoshi kujenga ganda la kila siku. Chagua omena iliyokauka vizuri, isiyo na mchanga, chumvi nyingi wala harufu ya kuoza. Msimu wa kufunga uvuvi wa omena, ambao huwa kati ya Aprili na Julai, hupunguza omena sokoni. Kikundi kinaweza kuhifadhi akiba mapema mahali pakavu.

Kuzuia: banda na utunzaji

Weka kiota kimoja kwa kila kuku wanne au watano, chenye nyasi kavu, kwenye kona yenye kivuli. Fungua banda kuku wapate jua kila siku. Inua paa la mabati na uache nafasi ya hewa juu ya ukuta. Kuku mmoja hunywa karibu robo lita ya maji kwa siku, na zaidi siku za joto. Banda la kuku 20 linahitaji angalau lita 5, na vyombo viwili ili wanyonge nao wanywe.

Wape dawa ya minyoo kila baada ya miezi mitatu, na chanjo ya Newcastle kwa ratiba ya afisa wa mifugo. Wanaotumia taa kwa kuku wakubwa wahakikishe kwamba mchana na taa kwa pamoja havipiti saa 16. Punguza mahindi kwa kuku wanaonenepa, na waache watembee.

Mwisho, andika. Daftari la kawaida linatosha: tarehe, idadi ya mayai, mayai yenye ganda laini. Maganda laini yakianza kuongezeka, hiyo ni onyo la wiki kadhaa kabla yai halijakwama.

Si kuku pekee

Bata, bata mzinga, kanga na njiwa hupatwa na hali hii, na hatua za kwanza ni zilezile: utulivu, joto la kadiri, maji na kalsiamu. Kasa, kobe na nyoka wanaotaga mayai nao hukwama, hasa wakifungiwa pasipo joto la kutosha, maji, au mahali pa siri pa kutagia. Nyoka hakamuliwi, mayai yake ni mengi na yamepangana, na kumbonyeza humpasua ndani. Tiba yake ni ya daktari wa wanyamapori.

Jambo hili linahusu sheria pia. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, hakuna ruhusa ya kumfuga chatu au mnyamapori mwingine bila leseni ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Watu wa eneo hili wanamkumbuka Omieri, chatu wa Nyakach katika Kaunti jirani ya Kisumu, aliyeungua moto mwaka wa 1987, akapelekwa Nairobi kutibiwa na kufia huko. Chatu jike hujiviringisha juu ya mayai yake kwa miezi mitatu hivi mpaka yaanguliwe. Akionekana hivyo shambani, hajakwama wala si mgonjwa. Watu wakae mbali, watoto na mbuzi waondolewe, na KWS wapewe habari.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kikundi kina kuku 30 walioboreshwa, na kila mmoja hutaga mayai 20 kwa mwezi. Maganda hayo yanahitaji gramu ngapi za kalsiamu? *(Mayai 600 mara gramu 2: gramu 1,200, yaani kilo moja na gramu 200.)* Chakula cha kikundi kinatoa kiasi hicho?
2. Kuku amekaa kiotani tangu jana, ni mkali na macho yake ni maangavu. Je, awekwe kwenye maji ya vuguvugu? *(Hapana. Anaatamia.)*
3. Yai linaonekana kwenye tundu la nyuma lakini halitoki, na kuku bado ana nguvu. Mfugaji afanye nini kwanza, na nini asifanye?
4. Ni nani katika kikundi ana nambari ya afisa wa mifugo wa wadi? Wanachama wote waiandike leo kwenye jalada la daftari la mayai.

Wafugaji wanaohitaji mafunzo ya vitendo kuhusu kuchanganya chakula cha kuku wa mayai wanaweza kuyaomba kupitia ofisi ya mifugo ya wadi au ya kaunti ndogo. Vikundi vije na orodha ya vyakula vinavyopatikana kwao na bei zake sokoni, ili hesabu ifanywe kwa vitu walivyo navyo.